Umepataje? Mwongozo wa kujifunza hisabati kwa mazungumzo

Mwalimu akimaliza kueleza kanuni ubaoni huligeukia darasa: "Tumeelewana?" Darasa zima huitikia kwa sauti moja: "Ndiyooo!" Zoezi likitolewa, madaftari yanarudi yakiwa na makosa mengi kuliko vema. Hakuna aliyedanganya hapo. Mtoto wa darasa la tano hawezi kujua kama ameelewa mpaka ajaribu kueleza kwa mdomo wake, na nafasi hiyo hakuipata.

Makala haya ni kwa wazazi, walezi na walimu wa Bendera na kata jirani za tambarare ya Same, yaani Kihurio, Ndungu na Maore, pamoja na walioko juu milimani. Yanaeleza namna ya kumfanya mtoto azungumze hesabu nyumbani na darasani, bila kununua kifaa chochote.

Hali ya somo hili nchini inajulikana. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban asilimia 20 ya watahiniwa, na mwaka 2023 wakafika takriban asilimia 25. Kwa maneno mengine, katika kila watahiniwa wanne, watatu hawakupata hata D. Sababu ni nyingi: walimu wa somo ni wachache, madarasa yamejaa, na lugha inabadilika ghafla kidato cha kwanza. Hayo hayaondolewi na mzazi mmoja jioni moja. Lakini karatasi ya Hisabati ya Baraza la Mitihani, NECTA, humtaka mtahiniwa aoneshe hatua zote za kazi yake, na alama hutolewa kwa hatua hizo. Mtoto aliyezoea kusema alivyofikiri ana cha kuandika hata pale jibu la mwisho linapomponyoka.

Swali moja, kwa vema na kwa kosa

Swali lenyewe ni fupi: "Umepataje?" Liulizwe kwa jibu sahihi kama linavyoulizwa kwa jibu lisilo sahihi. Ukilitumia kwenye makosa peke yake, mtoto atajifunza haraka kwamba maana yake ni "umekosa", na hujamaliza kuuliza ameshachukua kifutio. Siku akiulizwa juu ya hesabu aliyoipata, akaeleza, nawe ukamsikiliza mpaka mwisho, ndipo swali linapopoteza makali yake ya polisi.

Ukishauliza, nyamaza. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi katika miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde moja hivi au pungufu, kisha hujibu wenyewe au humwita mwingine. Waliposubiri angalau sekunde tatu, majibu ya wanafunzi yalirefuka na hata wale wasiozoea kunyoosha mkono wakaanza kusema. Sekunde tatu ni ndefu mno kwa mtu mzima anayejua jibu. Hesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo, na mdomo uwe umefungwa.

Na penseli iache kwa mtoto. Mkubwa akishaishika, mazungumzo yamekwisha na mafunzo ya kunakili yameanza.

Mfano wa nyumbani

Tuseme mama amerudi kutoka shambani. Mwanawe wa darasa la tano ameandika kwamba nusu ukijumlisha na theluthi unapata mbili ya tano, yaani 1/2 + 1/3 = 2/5. Kosa hili hutokea kila mwaka katika kila shule. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Umepataje mbili ya tano, mwanangu?"

"Nimejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, mama."

"Haya. Una nusu sufuria ya mchele, nikakuongezea theluthi ya sufuria. Utakuwa na zaidi ya nusu au pungufu?"

"Zaidi."

"Na hiyo mbili ya tano yako, ni zaidi ya nusu?"

Hapo mtoto atanyamaza. Mwache.

"Nusu ya tano ni mbili na nusu... Mbili ni pungufu, mama."

"Kwa hiyo nilipokuongezea mchele ukapungua?"

"Haiwezekani."

Mama huyu hajasema "umekosa" wala hajataja kanuni. Huenda kanuni yenyewe aliisahau zamani. Amemfikisha mtoto mahali ambapo jibu lake mwenyewe linagongana na kitu anachokijua kwa hakika. Hatua inayofuata ni kutafuta kipimo kinachoingia sawasawa katika nusu na katika theluthi. Kama sufuria inajaa kwa vikombe 6, nusu yake ni vikombe 3 na theluthi ni vikombe 2. Jumla ni vikombe 5 kati ya 6, basi jibu ni 5/6. Kile ambacho vitabu huita kigawe kidogo cha shirika, KDS, ni hiyo 6, idadi ya vikombe vinavyojaza sufuria. Mtoto aliyekipima jikoni haoni tena kwamba KDS ni amri iliyoshuka kutoka mahali asipopajua.

Mzazi asiyesoma hesabu asijiondoe kwenye kazi hii. Wakati mwingine yeye ndiye anayefaa zaidi, kwa sababu hana jibu la kumpa mtoto, na mtoto analijua hilo. Bibi anayesema kwa dhati "mimi sijui, hebu nieleze" amempa mjukuu nafasi ya kuwa mwalimu. Kama nyumbani mnazungumza Chasu, yaani Kipare, zungumzeni hesabu kwa Chasu.

Darasa la watoto themanini

Mwalimu atasema: mama ana mtoto mmoja, mimi nina themanini. Ni kweli, na kupanga madawati kwa makundi hakutoshi kulitatua hilo. Kundi la watoto sita lenye mmoja anayejua mara nyingi lina mtoto mmoja anayefanya kazi na watano wanaonakili. Nimeona makundi yakisifiwa na wageni kwa jinsi yalivyokaa vizuri, huku hakuna aliyemuuliza mwenzake chochote. Kuitikia kwa pamoja nako kuna kazi yake, kwa mfano katika kukariri jedwali la kuzidisha, ila hakumwoneshi mwalimu nani yuko wapi.

Utaratibu unaofaa darasa kubwa ni huu. Andika ubaoni hesabu moja tu. Toa dakika mbili za kimya, kila mtu peke yake. Kisha kila mmoja amweleze jirani yake wa dawati alivyofanya. Baada ya hapo ita watatu au wanne waliofuata njia tofauti. Watoto themanini wamezungumza hesabu ndani ya dakika tano, ingawa mwalimu amewasikia wanne.

Chukua magunia 12 ya mpunga, tuseme kila moja lina kilo 98. Jumla ni kilo ngapi? Mmoja atapanga tarakimu chini kwa chini kama alivyofundishwa. Mwingine atasema: ningekuwa na mia mia ningepata 1,200, lakini kila gunia limepungua kilo 2, kwa hiyo natoa 24, napata 1,176. Wa tatu atachukua magunia 10 kwanza, kilo 980, kisha magunia 2, kilo 196, na kujumlisha. Wa nne ataleta 1,198, kwa sababu alitoa 2 mara moja tu. Yaandike majibu yote ubaoni, likiwemo hilo la 1,198, bila kubadilisha uso. Watoto husoma uso wa mwalimu kuliko wanavyosoma ubao. Mwalimu akikunja kipaji, mjadala umekwisha. Waulize: "Nani anaweza kumtetea huyu? Nani ana swali kwake?" Yule wa 1,198 mara nyingi hujirekebisha mwenyewe akiulizwa ametoa kilo 2 kwenye gunia lipi.

Nyongeza moja inayobadilisha mambo sana: anayeitwa mbele aeleze njia ya jirani yake na si yake. Ili aweze, ilibidi asikilize. Na anayeitwa achaguliwe kwa kura, majina yakiwa yameandikwa kwenye vijiti ndani ya kopo, la sivyo somo litabaki la wavulana watano wa dawati la mbele.

Jaruba mara mbili

Watoto wa Bendera na Ndungu wanaokulia karibu na mpunga wana faida ambayo mtoto wa mjini hana: maumbo ya hesabu wameyakanyaga kwa miguu. Hapa kuna swali la zamani ambalo jaruba linalivaa vizuri.

Toka nje na kamba na vigingi. Pimeni jaruba la mraba, hatua 10 kila upande. Uliza: tunataka jaruba jingine la mraba, ukubwa wake mara mbili ya hili. Upande wake uwe hatua ngapi? Karibu wote watajibu 20. Usiwakatalie. Wapime 20, na wao wenyewe wataona kwamba ndani yake yameingia majaruba manne. Basi ni 15, atasema mmoja. Hesabuni: 15 mara 15 ni 225, na tunataka 200. 14 je? Ni 196. Hapo darasa linachangamka, maana jibu limo kati ya 14 na 15 na halitaki kukamatika.

Sasa rudini kwenye yale majaruba manne. Katika kila moja, vuteni kamba kutoka kona hadi kona bila kugusa kona ile ambapo majaruba yote manne yanakutana, ili kamba nne zifungane ncha kwa ncha na kufanya mraba ulioinama. Mraba huo una nusu nne za jaruba. Nusu nne ni majaruba mawili. Upande tuliokuwa tukiutafuta ulikuwa ni mshazari wa jaruba la kwanza. Wa sekondari waambie waulinganishe na kipeuo cha pili cha 200.

Swali hili limo katika kitabu cha Plato kiitwacho Meno, kilichoandikwa Ugiriki takriban miaka 2,400 iliyopita. Humo Socrates anamhoji kijana mtumwa asiyesoma hesabu, na kwa maswali matupu anamfikisha kwenye mshazari. Watu wengi husifu mazungumzo hayo kuwa kielelezo cha ufundishaji. Mimi nayasifu kwa tahadhari: sehemu kubwa kijana anajibu "ndiyo" tu, na maswali ya Socrates yanamvuta kama kamba ya mbuzi. Thamani yake iko pale katikati, kijana anapokiri kwamba alidhani anajua na sasa anaona hajui. Mwalimu anayeuliza maswali kumi ambayo jibu la kila moja ni "ndiyo" bado anahubiri, isipokuwa mahubiri yake yana alama za kuuliza.

Ndiva, kwa wa sekondari

Wapare wa milimani wamehifadhi maji kwa karne nyingi katika mabwawa madogo yaitwayo ndiva, yanayojazwa na mfereji usiku na kufunguliwa asubuhi, wakulima wakigawana zamu. Ndiva ni kitabu kizima cha hesabu za kasi. Wape wanafunzi hili:

Mfereji hujaza ndiva tupu kwa saa 12. Mfereji ukizibwa na mlango ukafunguliwa, ndiva iliyojaa huisha kwa saa 4. Siku moja mlango ulifunguliwa ndiva ikiwa imejaa, na mfereji ukasahaulika wazi. Maji yataisha baada ya saa ngapi?

Kabla ya kalamu kushikwa, uliza: itachukua zaidi ya saa 4 au pungufu? Wabishane. Wapo watakaosema 8 kwa kuwa 12 toa 4 ni 8, na wapo watakaosema 16. Waulize kwa nini walitoa, kwa nini walijumlisha, na hizo saa walizozitoa zilikuwa saa za nini. Mmoja atasema: kwa saa moja inatoka robo, inaingia sehemu moja ya kumi na mbili, robo ni tatu ya kumi na mbili, zinapungua mbili ya kumi na mbili kila saa, kwa hiyo saa 6. Mwingine asiyependa sehemu atasema: tuseme ndiva inachukua madebe 120, yanaingia 10 kwa saa, yanatoka 30, yanapungua 20, saa 6. Huyu wa pili mkazanie. Kwa nini umechagua 120? Ungechagua 240 jibu lingebadilika? Kwa nini halibadiliki? Katika maswali hayo matatu kuna aljebra zaidi kuliko katika kurasa kadhaa za mazoezi.

Na akitokea mtoto wa mlimani kusema kwamba maji ya ndiva hayatoki kwa kasi ileile, hupungua kadiri kina kinavyoshuka, amesema kweli kuliko swali lenyewe. Mpongeze mbele ya wenzake.

Kicheko na adabu

Mambo mawili huua mazungumzo haya katika shule zetu. La kwanza ni kicheko. Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, katika milima ya Usambara, ipo Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Mwaka 1963 mwanafunzi wa hapo, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, akaweka mchanganyiko wake kwenye jokofu ungali moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake uliowekwa bila kuchemshwa. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote, na wanasayansi bado wanabishana kulihusu. Hiyo ni fizikia, lakini kicheko ni kilekile kinachomkalisha chini mtoto wa hisabati. Darasani kwako weka sheria: anayemcheka mwenzake ndiye atakayeeleza njia ya huyo aliyemcheka, hatua kwa hatua.

La pili ni adabu iliyoeleweka vibaya, kwamba kumuuliza mkubwa "umepataje" ni kumkosea heshima. Same ina historia ya kujibu hilo. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka hadi makao makuu ya wilaya kupinga kodi ya mbiru, iliyotofautiana kati ya mtu na mtu kwa makadirio ya mali yake, makadirio ambayo walipakodi wengi hawakuona yalivyofikiwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameiandika habari hiyo. Wazee wale walitaka kujua hesabu imetoka wapi, na hakuna anayewaita watovu wa adabu. Mfundishe mtoto maneno ya kuuliza kwa heshima: "Samahani mwalimu, sijaona tulivyotoka mstari wa pili kwenda wa tatu." Sentensi hiyo inataja mahali alipopotelea, nayo inamsaidia mwalimu kuliko "sijaelewa".

Lugha

Kidato cha kwanza hisabati inahamia Kiingereza, na watoto waliokuwa wakibishana darasa la saba wananyamaza. Watafiti wa mradi wa lugha ya kufundishia uitwao LOITASA, ulioanza 2002 na kuhusisha Tanzania na Afrika Kusini, walionesha kwamba wanafunzi wakifundishwa kwa lugha wanayoimudu hushiriki zaidi. Sera inaamuliwa kwingine. Unachoweza kufanya ni kuwaacha wabishane na jirani kwa Kiswahili mpaka hoja isimame, kisha waiandike kwa Kiingereza cha mtihani. Kila mmoja awe na kurasa za mwisho za daftari zenye maneno ya lugha zote mbili, kama vile kiasi na asili, kipeo na kipeuo pamoja na Kiingereza chake, aliyoyaandika mwenyewe. Nyumbani usimzuie kutumia Kiswahili kwa kudhani unamjenga.

Mahali pa kupata maswali

NECTA hutoa kila mwaka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na humo kuna picha za majibu mabaya yaliyoandikwa kwa mkono. Ni hazina inayopuuzwa. Chukua jibu moja baya, liandike ubaoni, uliza: "Huyu alikuwa anafikiri nini?" Watoto huzungumza kwa uhuru juu ya kosa la mtu wasiyemjua. Taarifa hizo zinafaa pia katika vikao vya walimu vya jumuiya za kujifunza chini ya mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA: kosa moja, walimu wote, nusu saa. Vitabu vya kiada vinapatikana katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Watoto wadogo wana kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza 2014 na kutengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili. Kaa nao, na katikati ya kipindi uliza wanadhani jibu litakuwa nini.

Mazungumzo hayaondoi haja ya kukariri. Mtoto asiyejua 7 mara 8 bila kufikiri atachoka kabla ya kufika kwenye hoja, kwa hiyo jedwali la kuzidisha liendelee kuimbwa. Wala usigeuze kila jioni kuwa mtihani. Dakika kumi zinatosha, na mtoto akichoka acheni.

Kikao cha wazazi kijacho, kabla ya kuuliza mwanao ameshika nafasi ya ngapi, omba kuliona daftari lake la hisabati, na muulize mwalimu ni lini mara ya mwisho mtoto huyo alisimama kueleza njia yake mbele ya wenzake. Nyumbani anza leo: chagua hesabu moja aliyoipatia vema, na umwombe akueleze.